Pumzi ya kuitikia salamu

Asubuhi moja ya mwezi wa sita, mwaka juzi, nilimpita mzee mmoja kwenye kilima cha Mikindani nikashindwa kumwamkia.

Alikuwa anakokota baiskeli yake, tenga la samaki limefungwa kwenye keria kwa mipira iliyochanwa kutoka tyubu kuukuu, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine umeshika ukingo wa tenga. Mimi nilikuja nyuma yake nikinyonga kwa nguvu zangu zote. Nilipofika usawa wake nikafungua kinywa niseme shikamoo, hakikutoka kitu ila hewa. Nikapita hivyo hivyo. Aliyelelewa kusini anajua uzito wa kumpita mzee kimya, asubuhi, mko wawili tu njiani. Hatua hamsini mbele mapaja yakagoma. Nikashuka, nikauegemea usukani.

Mzee akanifikia kwa mwendo ule ule aliotoka nao chini. Akasimama.

"Mwanangu, kuna anayekukimbiza?"

Nikatikisa kichwa. Pumzi iliporudi nikamwamkia, akaitikia marahaba, akauliza habari za nyumbani, za kazi, za watoto, nikajibu moja baada ya nyingine. Akasema, "Basi twende. Ukiweza kuzungumza nami mpaka juu, umejua kupanda." Akaendelea kukokota yake, nami nikakokota yangu ubavuni mwake, tukaongea bei ya changu na uhaba wa barafu mpaka kilima kikaisha.

Nimesoma mengi kuhusu baiskeli tangu siku ile, na kila nililolisoma limerudi pale pale kwenye maneno ya mzee yule.

Mimi ni mwalimu wa fizikia, nina miaka 43, naishi Mtwara mjini. Sishindani na mtu. Naendesha Jumamosi na Jumapili, na siku moja ya katikati ya wiki nikiwahi kutoka shuleni. Baiskeli yangu ni ya mtumba, ya milimani, fremu ya chuma, gia 21, ilikuja na stika za lugha nisiyoijua. Niliinunua kwa ajili ya afya, lakini moyoni nilikuwa na safari moja: kupanda Newala kwa baiskeli kutokea upande wa Masasi. Bibi yangu mzaa mama ni wa Newala, na nitamrudia.

Wasiokaa huku hudhani mikoa ya pwani ni tambarare tupu. Mtwara mjini ni kweli. Ukitoka mjini kwenda Mikindani ni kama kilomita 10 za kando ya ghuba, lami nzuri, minazi na mibuyu, maji yakikupwa wanawake wako matopeni wanatafuta chaza. Ukifika Mikindani, mji wa zamani ambao David Livingstone alianzia safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866, vilima vinauzunguka kama kingo za bakuli, na juu ya kimojawapo limekaa Boma la Wajerumani. Barabara ya kwenda Lindi ikishaiacha ghuba inaanza kupanda. Hapo ndipo shule yangu ya vilima.

Ila kilima chenyewe cha huku kwetu ni Uwanda wa Makonde. Umbo lake nawafundisha wanafunzi kwa kuegemeza daftari kwenye kalamu. Upande wa bahari uwanda unainuka polepole mno. Ukiendesha barabara ya Nanyamba kwenda Tandahimba unapanda kutwa nzima bila kukijua kilima, unashangaa tu mbona miguu mizito. Upande wa magharibi na wa kusini daftari linakatika ghafla, na chini kabisa liko bonde, la Masasi upande mmoja na la mto Ruvuma upande mwingine. Newala imekaa ukingoni. Nenda pale panapoitwa Shimo la Mungu uchungulie, utaelewa kwa nini watu wa zamani walipaita hivyo. Anayetoka Masasi kwenda Newala lazima aupande ukuta huo.

Sasa kuhusu kupanda. Tambarare, adui wa mwendesha baiskeli ni upepo. Kilimani, mwendo unapokuwa wa polepole, upepo karibu hauhesabiki tena, na kinachobaki ni uzito wako na wa baiskeli unaouinua juu ya ardhi. Hesabu yake ni ya sekondari. Chukua mtu na baiskeli yake, jumla kilo 85, anapanda mwinuko wa mita 300. Kazi anayoifanya dhidi ya mvutano wa dunia ni jouli 250,000 hivi. Kazi hiyo haipungui hata kidogo, upande haraka au taratibu. Kinachobadilika ni muda wa kuifanya. Akipanda kwa dakika 20, miguu yake inatoa zaidi ya wati 200 mfululizo. Akipanda kwa dakika 30, inatoa kama 140. Mtu mzima mwenye mazoezi ya kawaida anaweza kuzivumilia wati 140. Wati 200 zitamshusha kabla ya nusu ya njia.

Mlima ni ule ule, mtu ni yule yule, na dakika 10 tu ndizo zinazoamua nani atafika akiwa juu ya kiti.

Niliipiga hesabu hii ubaoni, wanafunzi wakaielewa, kisha Jumamosi nikaenda Mikindani nikafanya kosa lile lile. Kujua hakukunisaidia, kwa sababu mwanzo wa kilima unadanganya. Unapoanza kupanda, miguu inaongeza kazi papo hapo, lakini moyo na mapafu huchukua dakika moja au mbili kuifikia kazi hiyo. Katika dakika hizo mbili unajiona una nguvu. Kumbe unakopa, na deni linakuja kudaiwa katikati, pale kilima kinapokuwa kikali zaidi. Tambarare ukizidiwa unaacha kunyonga, baiskeli inateleza yenyewe, unavuta pumzi, unaendelea. Kilimani ukiacha kunyonga, baiskeli inasimama. Hakuna mahali pa kulipia.

Kwa hiyo anayetaka kupanda vizuri ajifunze kujizuia dakika mbili za kwanza. Ni jambo gumu kuliko linavyosikika. Mwili uko freshi, asubuhi ni ya baridi, kuna kijana wa bodaboda anakutazama, na wewe unatakiwa uende kama unayesindikiza mgeni. Mpaka leo naanza kila kilima nikijiona naenda polepole kupita kiasi.

Kipimo changu ni salamu. Wengine wana saa za kupima mapigo ya moyo, na wanaozimudu ni sawa, lakini sisi salamu zetu ni ndefu na barabara zetu hazikosi watu. Mtu ananiambia "Habari za asubuhi, mwalimu?" Kama naweza kujibu "nzuri, za kwako, wazima nyumbani, haya, asubuhi njema" kwa mkupuo mmoja, nina akiba ya kunifikisha popote. Kama inabidi nikate katikati ili nivute hewa, niko ukingoni, na hapo naweza kukaa dakika chache tu. Nikijibu kwa kuinua nyusi, nimekwisha kuzidisha, na zimebaki dakika mbili nishuke. Kipimo hiki hakijawahi kunidanganya. Njia isipokuwa na mtu najisalimia mwenyewe kwa sauti, na kwenye mikorosho ya Nanyamba hakuna wa kushangaa ila ngedere.

Lakini huwezi kwenda polepole kama baiskeli haikuruhusu, na hili nimeona wengi hawalijui, hata waliozaliwa juu ya baiskeli.

Tazama baiskeli ya mzigo, ile nyeusi ndefu isiyo na gia. Niliinama nikahesabu meno ya moja iliyoegemezwa dukani kwa fundi wangu: 44 mbele, 20 nyuma. Kila mzunguko mmoja wa pedeli unaisogeza karibu mita 5. Kwenye kilima kikali mtu hawezi kuzungusha pedeli hiyo taratibu, miguu inakwama. Akitaka izunguke lazima aende kwa kasi, na kasi hiyo kilimani inadai nguvu za mwanariadha wa kulipwa. Ndiyo maana wabeba mkaa wetu wanashuka na kukokota. Wanajua baiskeli yao inaishia wapi.

Baiskeli yangu, kwa gia nyepesi iliyokuja nayo, ilikuwa na meno 24 mbele na 28 nyuma, karibu mita 1.8 kwa mzunguko. Fundi akanitafutia friwili, yaani meno ya gurudumu la nyuma, yenye meno 34. Ikashuka hadi mita 1 na nusu. Tofauti hiyo ya sentimita 30 ndiyo fedha niliyoitumia vizuri kuliko zote kwenye baiskeli hii. Sasa nikizungusha pedeli mara 60 kwa dakika naenda kilomita 5 na kidogo kwa saa. Ni mwendo wa mtu anayetembea, ndiyo, ila nimekaa, miguu inazunguka kwa wepesi, na pumzi ninayo.

Kuna wanaoona aibu kutumia gia nyepesi. Hilo lina historia ndefu. Tour de France, mashindano makubwa ya baiskeli ya Ufaransa, ilianza mwaka 1903, na waandaaji wake walikataza gia za kubadilisha mpaka 1937, wakiamini misuli itoshe. Mwaka 1910 walipowapitisha waendeshaji kwa mara ya kwanza kwenye Col du Tourmalet, mlima wa Pyrenees wenye kimo cha mita 2,115, Octave Lapize alikokota baiskeli sehemu ya njia. Ndiye aliyeshinda mashindano ya mwaka huo. Kila ninapoona kijana anayakanyaga meno makubwa kilimani huku magoti yanatetemeka, natamani asimame nimsimulie habari ya Lapize.

Gia ibadilishwe mapema, kabla mguu haujaihitaji. Nililipa kwa kujifunza hili. Nilifika chini ya kilima cha Mikindani na gia nzito, nikasubiri mpaka pedeli zilipokaribia kusimama, ndipo nikavuta kibadilishio huku nimekanyaga kwa uzito wote. Cheni ikapanda nusu, ikang'ang'ana, ikakatika kwa mlio kama wa kijiti kikavu, na goti langu likaipiga fremu. Fundi aliiweka cheni kiganjani akanionyesha kipande: bamba moja dogo limefunguka kama sikio, pini imechungulia nje. "Cheni haipendi kuhamishwa ikiwa imebeba," akasema. Akaitoa ile pingili, akaunganisha, akaigonga mara tatu, akaizungusha taratibu mbele ya jicho lake akitafuta panapokaza. Tangu hapo, mita 20 kabla ya kilima, mguu bado mwepesi, mimi nimeshabadili.

Fundi huyo huyo ndiye aliyeniponya magoti. Nilikuwa nimeshaenda kituo kimoja cha afya nikapewa vidonge na kuambiwa niache baiskeli, na karibu niache. Yeye aliniangalia nikiendesha kutoka kwake mpaka kona na kurudi, akaniambia nimekaa kama niko kwenye kigoda. Huku kwetu kiti cha baiskeli huwekwa chini ili mtu akisimama miguu yote miwili iguse ardhi. Kukiwa na kilima goti linakunjwa mno na linasukuma likiwa limekunjika, maelfu ya mara. Akanikalisha, akaniambia niweke kisigino juu ya pedeli ikiwa chini kabisa, akainua kiti mpaka mguu wangu ukanyooka kabisa. Ukirudisha mguu mahali pake, yaani kwa ile sehemu pana nyuma ya vidole, goti linabaki limekunjika kidogo tu. Akafunga nati. Wiki mbili baadaye maumivu yalikuwa yamekwisha, na paja likaanza kufanya kazi ambayo goti lilikuwa linaifanya.

Kusimama kwenye pedeli ni kwa muda mfupi tu: kona kali, au pale mgongo unapotaka kunyooka. Kabla ya kusimama ongeza gia moja, la sivyo miguu itazunguka hewani na utapoteza mwendo. Na kwenye changarawe usisimame kabisa. Uzito ukiliacha gurudumu la nyuma linazunguka palepale. Sogea mbele ya kiti, inamisha kifua, legeza mikono, tazama mita kumi mbele. Kilele kiache, kitakuja.

Joto nalo lina mambo yake kilimani. Kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa hujitengenezei upepo, na jasho lisilopata upepo halikauki, linatiririka tu bila kukupoza. Kusi linapovuma, miezi ya katikati ya mwaka, kupanda Mikindani kuelekea Lindi upepo uko mgongoni. Watu hufurahi. Mimi ndipo ninapochoka zaidi, kwa sababu unaenda nao sambamba na unakuwa kama uliyefungiwa kwenye chumba. Heri upepo wa usoni kilimani. Dawa ni kuamka: saa 12 asubuhi uwe chini ya mlima, saa 2 uwe umemaliza. Na maji. Lita moja ni kilo moja, na kila kilo unaipandisha mwenyewe, lakini usiyaache nyumbani kwa kutafuta wepesi.

Maji ndiyo yanayonirudisha kwa bibi.

Juu ya Uwanda wa Makonde mvua inanyesha lakini maji hayakai. Udongo ni wa kina na unayanywa yote, yanazama mpaka yatokee chini kabisa kwenye mabonde, chemchemi za miguuni mwa ukuta. Watu waliishi juu na maji yalikuwa chini. Kabla ya mabomba, wanawake wa Newala waliteremka usiku, wakajaza, wakapanda. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20 juu ya kichwa, kwenye njia ambayo mimi nahitaji friwili ya meno 34.

Bibi alikuwa anasimulia hilo bila manung'uniko, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. Mimi nilikuwa mtoto, nilimuuliza walikuwa hawachoki? Akasema walikuwa wanapanda wakiongea. Waliongea mambo ya harusi, ya misiba, ya nani kachumbiwa. Halikuwa jambo la kupitisha muda. "Mwenzenu akinyamaza," alisema, "mnasimama wote. Mnamtua ndoo." Aliyenyamaza ndiye aliyeelemewa, hata kama mwenyewe hajakubali. Na aliyekuwa mbele akienda kwa haraka waliita jina lake arudi kwenye mstari, kwa sababu atakayekimbia chini ndiye atakayemwaga maji juu.

Nililisikia hilo nina miaka tisa au kumi, nikalisahau. Lilinirudia siku ile Mikindani, mzee wa samaki aliposema niweze kuzungumza naye mpaka juu. Nilikaa chini nyumbani nikaliandika, nisije nikalipoteza tena.

Nilijaribu Newala mara ya kwanza mwezi wa 11 mwaka huo huo, miezi mitano baada ya kisa cha salamu. Muda ulikuwa mfupi na msimu ulikuwa mbaya: joto la kabla ya mvua, hewa imesimama. Nilianza kwa mwendo wa kujizuia nikashindwa kuushika, nikakokota zaidi ya nusu ya ukuta, nikafika juu kichwa kinagonga. Nilipanda gari kurudi.

Baada ya hapo nikajipanga. Siku moja ya wiki, moja tu, niliifanya ya kilima: naenda Mikindani, napanda mara nne, nashuka taratibu kati ya mara moja na nyingine. Mara tatu za kwanza kwa kasi ya salamu, ya nne ikizidi kidogo, kasi ya maneno mawili mawili. Siku nyingine naendesha tambarare kwa raha, ndefu kadiri muda unavyoruhusu, na hizo ndefu za polepole zimenijenga kuliko nilivyotegemea. Siku zinazobaki siigusi baiskeli. Misuli haijengeki wakati wa kupanda. Wakati ule inachanika kidogo kidogo, na inajengwa ukilala na ukila. Nilipokuwa najilazimisha kila siku nilirudi nyuma. Wiki tatu za kwanza sikuona badiliko lolote. Karibu na wiki ya nane kilima kilipungua. Sijui namna nyingine ya kulisema: nilifika kwenye mwembe ambapo huwa natweta, nikaupita, nikakumbuka baadaye kwamba nimeupita.

Mwaka huu, mwezi wa saba, nilipanda basi la Masasi, baiskeli kwenye buti, nikalala kwa dada yangu. Saa 11 alfajiri akanipa uji wa ulezi na muhogo wa kuchemsha, akanifungia korosho kwenye mfuko wa shati. Nikatoka majabali ya Masasi yakiwa bado meusi, kama watu wakubwa waliokaa chini. Jua lilipochomoza uwanda ulikuwa mbele yangu wote, mstari mrefu ulionyooka kutoka upande hadi upande.

Miguuni mwa ukuta nilisimama nikanywa maji, nikaweka gia nyepesi kabisa nikiwa bado tambarare. Kusi lilikuwa la usoni, la baridi, nikashukuru. Nikaanza polepole kiasi kwamba mtoto mwenye kidumu alitembea ubavuni mwangu bila kuharakisha. Alikuwa na maswali mengi. Naenda wapi, natoka wapi, gari liliharibika? Nilimjibu yote. Alipochepuka kwenye njia ya kwao aliniambia "haya mama, safari njema", nikasikia sauti yangu ikimjibu ikiwa nzima.

Barabara ikajikunja, ikajikunja tena. Lori lilinipita na vumbi lake, nikafumba mdomo nikahesabu mizunguko 30 mpaka likatulia. Kwenye kona moja changarawe lilikuwa limelegea na gurudumu la nyuma likateleza nusu duara, nikarudi nyuma kidogo kwenye kiti, likashika. Mapaja yalikuwa yanaungua, ila moto wa kuni mbichi, unaofuka bila kuwaka. Nilipofika pale nilipoanza kukokota mwezi wa 11, napajua kwa sababu pana jiwe lililochorwa chokaa, nilikuwa bado sijaigusa akiba.

Juu kidogo ya jiwe hilo nikamwona mtu mbele. Mzee, anakokota baiskeli nyeusi, gunia mbili za mkaa zimesimama nyuma zimefungwa kwa mipira ile ile ya tyubu, anasukuma kwa bega. Si yule wa Mikindani. Nilimkaribia kwa muda mrefu, maana kasi zetu zilikuwa karibu sawa, na muda wote huo nilikuwa naisikiliza pumzi yangu.

Nilipofika usawa wake nikasema, "Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Habari za mzigo?"

"Mzigo mzuri. Watokea wapi?"

"Masasi. Naenda kwetu, Newala."

"Kwenu kwa nani?"

Nikamtajia jina la bibi na la mtaa wake. Akafikiri, bega bado liko kwenye gunia, miguu haijabadili mwendo. Akasema alimjua. Akaanza kunieleza alikomjulia, ikawa habari ndefu yenye visima na ndoa na ugomvi wa mipaka ya mikorosho, nami sikutaka kumpita tena. Niliendesha ubavuni mwake, yeye anakokota, mimi nanyonga, nikiuliza na kuitikia, mpaka barabara ikalala na harufu ya moshi wa asubuhi wa Newala ikatufikia.